Shelaki kwenye magitaa na zeze: uzoefu wangu hapa Dodoma

Natengeneza magitaa ya akustiki na zeze za Kigogo, na kati ya vanishi zote za kupaka, kwa sasa shelaki (ile ya utomvu wa wadudu, inayoyeyushwa kwa spiriti) ndo naikubali kuliko zote. Klia ya poliuretheni, ile vanishi angavu ya makabati, inang'aa hatari na mteja akiiona anafurahi, ila ni nene, ukirundika koti (tabaka) kwenye uso wa gitaa ubao unakuwa mzito na gitaa linaongea kama lina mafua. Kwenye zeze tofauti ya sauti ni ndogo kiukweli, maana pale inayolia ni ngozi (na ngozi usiipake kitu chochote jamani).

Kilichonifurahisha zaidi ni vumbi. Wa Dodoma mnaujua ule upepo wa mwezi wa saba na wa nane, vanishi ya mafuta inakaa masaa mbichi af inashika mchanga wote wa mtaani, wakati shelaki inakauka ndani ya dakika chache, vumbi likija linakuta kazi imeisha. Ila usipake saa saba mchana, spiriti inaruka haraka mno kitambaa unachopakia kinaanza kunata, mi napaka asubuhi upepo haujaanza. Na mvua za Januari hewa ikiwa na unyevu shelaki inatoa ukungu mweupe, subiri jua.

Naagiza shelaki ya vipande vikavu toka Dar, gramu 120 kwa lita 1 ya spiriti, nalaza usiku, nachuja na kitambaa cha pamba. Changanya ya kutumia tu, ikikaa miezi mingi inagoma kukauka inabaki inanata. Mpingo nao una mafuta yake ya asili, vanishi ya mafuta inachelewa sana kukauka juu yake, shelaki haina shida hiyo. Mafuta ya alizeti kuna watu wanayasifia sababu huku yapo kila kona, hapana aisee, yanabaki na utelezi na yanaokota uchafu. Shingoni mwa gitaa, pale mkono unapopita, naweka nta ya nyuki basi, mkono unateleza vizuri.

Ubaya wa shelaki, pombe kali ikimwagikia inaacha alama, na kwenye shughuli zetu si unajua tena. Ila unapaka nyingine juu inayeyukiana na ile ya zamani, alama inapotea, klia ya makabati hapo ni msasa upya. Bei imechangamka ukijumlisha na nauli ya basi, ila koti zake nyembamba, mfuko mdogo unamaliza vyombo vingi.