Duka la jumla la Mlango Mmoja: lilivyouza sukari wakati wa korona na linavyouza sasa

Duka hili la jumla na rejareja, lililo jirani na soko la Mlango Mmoja jijini Mwanza, huuza bidhaa zilezile zinazopatikana kwa wenzake: sukari, sembe, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni. Bei zake si nafuu kuliko za majirani. Hata hivyo ninalipendekeza, na sababu kubwa ni namna lilivyojiendesha mwaka 2020.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huo, na siku iliyofuata serikali ikatangaza kufunga shule. Vitakasa mikono na barakoa vilipanda bei, kisha tangawizi na malimao, na hilo lilieleweka kwa kuwa mahitaji yake yalikuwa yameongezeka kweli. Sukari ni habari nyingine. Viwanda vyetu, kikiwemo cha Kagera ng'ambo ya ziwa, husimamisha uzalishaji wakati wa masika kwa kuwa miwa haivuniki vizuri mashamba yakijaa maji, na mwaka ule Ramadhani, ambayo huongeza matumizi ya sukari, ilianza mwishoni mwa Aprili. Juu ya upungufu huo ikaja hofu. Aliyezoea kununua kilo mbili alinunua kumi kwa sababu tu alimwona jirani akifanya hivyo. Aliyefika jioni akakuta mfuko mtupu, akaamini kwamba sukari imekwisha nchini, naye kesho yake akadamka kutafuta ya akiba. Uingereza na Australia waligombania karatasi za chooni kwa mtindo huohuo. Walanguzi hawakuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Mwenye duka hili alibandika mlangoni karatasi yenye mambo matatu: bei ya kilo, kiasi cha juu kwa kila mteja, ambacho kilikuwa kilo tatu, na idadi ya mifuko ya kilo hamsini iliyobaki stoo. Idadi hiyo ilikatwa kwa kalamu na kuandikwa upya kila mchana. Naona hapo ndipo penye busara yote, kwa sababu kipimo peke yake huzidisha hofu: mteja akiambiwa kilo tatu tu, hujua mzigo unaishia, na kesho humtuma mtoto akapange foleni kwa niaba yake. Akiona kwamba mifuko iko na stoo iko wazi, hana sababu ya kurudi. Katika duka jingine mjini, nililolizoea kwa miaka mingi, bei ilitamkwa kwa kunong'ona kulingana na sura ya mteja, na tuliambiwa sukari hakuna ilhali wapagazi walikuwa wakishusha mzigo mlango wa nyuma.

Utaratibu huo haukuwa wa haki kwa kila mtu. Mama mmoja anayeuza chai na vitumbua karibu na mwalo wa Kirumba alipimiwa kilo tatu kama mimi mwenye familia ya watu wanne. "Mwanangu, mimi siendi kuificha, naenda kuipika," alimwambia kijana wa mizani, naye akajibu kwa adabu, "Samahani mama, ndivyo tulivyoagizwa." Mnunuzi kutoka Ukerewe, ambaye hawezi kupanda meli kila siku kwa ajili ya kilo tatu, aliumia zaidi. Baadaye duka lilianza kuwapa zaidi wafanyabiashara walioandikwa katika daftari lake, jambo lililowasaidia waliofahamika na kuwaacha wageni palepale. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ingetosha kumtambulisha mtu.

Siku hizi karatasi ya mlangoni hubandikwa tu sukari inapoadimika. Mizani imeelekezwa upande wa mteja, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hutolewa bila kuombwa, na wahudumu ni wasikivu, ingawa mmoja wao hupokea simu huku akipima. Kasoro inayoniudhi ni kwamba sembe hupangwa ubavuni mwa sabuni ya unga, hata ugali ukanukia dobi. Chagua mifuko ya upande wa ukutani. Anayenunua kwa jumla afike mapema asubuhi, kwani kuanzia saa nne mikokoteni huziba mlango na mpagazi hupandisha bei yake.