PCIT kwa mtoto mkaidi: huduma inayomkalisha mzazi darasani

Anayempeleka mtoto kwenye PCIT, tiba ya maingiliano ya mzazi na mtoto, akitegemea kumwacha mlangoni na kumchukua saa moja baadaye akiwa mpole atapigwa na butwaa. Mwanafunzi ni yeye mzazi. Tiba hii, iliyobuniwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg nchini Marekani miaka ya 1970, inalenga watoto wa miaka 2 hadi 7, na kwa kawaida dalili za mwanzo za ugonjwa wa ukaidi (ODD) huchomoza katika umri huohuo.

Si kila mkaidi ni mgonjwa. Mtoto wa miaka 2 kusema "sitaki" kutwa nzima ni ukuaji tu. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vinataka dalili 4 au zaidi kati ya 8, kama hasira za haraka, ubishi na wakubwa, kuudhi watu makusudi au kuwasingizia wengine makosa yake, zidumu angalau miezi 6 na zisiishie kwa ndugu zake tu. Kwa walio chini ya miaka 5, ziwe zinaonekana siku nyingi. Kwa hiyo kituo makini huanza na kupima: mzazi hujaza dodoso la Eyberg lenye vipengele 36, kisha hulirudia wiki hadi wiki. Kituo kisichopima, hama.

Chanzo mara nyingi kina pande mbili. Upande mmoja ni mtoto mwenye hasira za karibu, asiyevumilia kukwama, pengine ana ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) pia. Wa pili ni malezi makali au ya kigeugeu, au walezi wanaobadilishwa kila mara. Zikikutana, mtoto hupiga kelele, mzazi huchoka na kuacha, kelele zimeshinda. Kesho mzazi hufoka zaidi, mtoto hutii, na kufoka nako kumeshinda. Kila mmoja anamfundisha mwenzake ubaya. PCIT inaukata mzunguko huo, na ndiyo sababu inafaa kulipiwa.

Awamu ya kwanza ni mchezo. Mtoto anaongoza, mzazi anafuata, na mtaalamu aliye nyuma ya kioo anamwelekeza kupitia kifaa cha sikioni. Hapo ndipo ubora wa huduma ulipo: kosa linasahihishwa papo hapo. Kufaulu ni kutoa, ndani ya dakika 5, sifa 10 zinazotaja tendo ("asante kwa kunipa kalamu taratibu", si "hongera" tupu), kurudia maneno ya mtoto mara 10, kueleza anachofanya mara 10, na maswali, amri na lawama kwa jumla visizidi 3. Wengi huangushwa na maswali. Tumezoea kukemea kwa "mbona huokoti?" na "nimekuambia mara ngapi?"

Awamu ya pili ni amri. Itolewe moja, fupi, ya moja kwa moja: "Weka gari kwenye sanduku." Subiri sekunde 5 kimya. Asipotii, onya mara moja, subiri tena 5, kisha kiti cha kutulia kwa dakika 3 na sekunde 5 za ukimya mwishoni. Halafu arudi kwenye amri ileile. Mzazi akiiruka hatua hiyo, kiti kinageuka njia ya kukwepa kazi. Tena, mtoto akianza kupuuzwa anapopiga kelele, kelele huzidi kabla ya kupungua. Mtaalamu asipolisema hilo mapema, familia hukimbia.

Kasoro yake kubwa ni muda: mara nyingi vikao 12 hadi 20 vya kila wiki, pamoja na dakika 5 za mchezo nyumbani kila siku. Wasiofanya zoezi la nyumbani hukwama awamu ya kwanza. Bibi au baba akiendelea kulegeza kamba nyumbani, kazi ya kliniki inavuja, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama mlezi wa pili naye atafundishwa kwa kifaa cha sikioni. ADHD, ikiwapo, itahitaji tiba yake yenyewe.