Kalkuleta ya tarakimu 12: nimeipima kwa namba iliyomponza Fermat

Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo niko Mkunguni, hapa Lamu, mbele ya Ngome, kwa hivyo mkisikia punda msinilaumu. Mkononi nina kalkuleta ya meza ya tarakimu 12, ile ya kawaida ya madukani, ya sola na betri. Nimeinunua Usita wa Mui kwa shilingi 650.

Watu hupima kalkuleta kwa 2 jumlisha 2. Hapo hata mbovu hupasi. Mimi naipima kwa namba moja tu: 4,294,967,297.

Tuanze. 65,536 mara 65,536... ngojeni, imeleta milioni 30 na kitu. Kitufe cha 6 hakikushika. Tuirudie, nabonyeza kwa nguvu. Haya, 4,294,967,296. Jumlisha 1. Tazameni pale mwisho, 6 imekuwa 7. Hiyo 1 ndiyo mtihani wenyewe. Kalkuleta yangu kuukuu ya tarakimu 8 haifiki hata hapa, huandika E ikanyamaza.

Kwa nini namba hii? Kuna Mfaransa, Pierre de Fermat, mwaka 1640 alikuwa na msururu wake: 3, 5, 17, 257, 65,537. Chukua yoyote, toa 1, zidisha kwa yenyewe, rudisha 1, wapata inayofuata. Zote tano ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita ni hii yetu, na Fermat akaamini nayo ni tasa. Ikakaa hivyo miaka 92, hadi Leonhard Euler alipoivunja mwaka 1732.

Gawanya kwa 641... 6,700,417. Hakuna nukta, hakuna baki. Mashaallah!

Sasa utamu uko hapa. Utasema, kumbe alijaribu namba zote mpaka 641? La. Euler mwenyewe alikuja kuthibitisha kwamba tasa yoyote inayoigawanya namba hii, ukiitoa 1, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 64. Tasa za namna hiyo zilizo chini ya 641 ni nne tu: 193, 257, 449 na 577. Ya tano ni 641. Majaribio matano, jamani! Mjomba wangu akifunga hesabu za duka usiku hubonyeza zaidi ya hayo kabla chai haijapoa. Nawaonyesha 577... 7443617.49913. Karibu nusu, lakini ina baki. Napenda kwamba kioo kimezionyesha tarakimu zote 12, hakikukata mkia.

Punda huyo, apite kwanza.

Mwisho wake uko wapi? Namba ya saba kwenye msururu ina tarakimu 20. Nikijaribu... E. Hiyo ilivunjwa na Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa na miaka 82, na kalkuleta hizi hazikuwapo. Lakini kwa duka, hesabu za tarakimu 20 za nini? Ukiuza samaki wa tarakimu 20, nitafute.

Kioo juani hakisomeki vizuri, geuka kivulini. Mimi naipa 4 juu ya 5. Ile moja nimeikata kwa kitufe cha 6, na muuzaji ameniambia niirudishe kesho anibadilishie.