Nta ya Nyuki ya Kibuye: Tazama Inavyolainika Mkononi

Haya, karibuni tena, watazamaji wangu. Leo utangulizi sina, kitu chenyewe kimenifurahisha tangu asubuhi. Hebu sogeza kamera hapa, karibu zaidi. Hii ni nta ya nyuki, robo kilo, nimeinunua Jumapili sokoni Kibuye kwa shilingi 300. Rangi mnaiona. Harufu ni ya asali na moshi kidogo.

Ninachotaka mwone ni hiki. Nimekata kipande kama gololi. Sasa hivi ni kigumu, ukikivunja kinakatika na ndani kuna chembechembe. Naanza kukifinyanga. Msiondoke, ngojeni. Mwanzo kinagoma, kidole kinateleza tu juu yake. Endelea... endelea... mmeona? Kimekubali! Alama ya dole gumba hiyo hapo, mpaka mistari inaonekana. Nakivuta, hakikatiki. Nakikunja kama donge la chapati, kinarudi. Ni joto la mkono wangu tu, jiko sijawasha! Na bado nta hii haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hata jua la Kisumu haliifanyi uji.

Mwezi uliopita niliuziwa kipande kingine, nikaapiwa ni nta safi. Nilikifinyanga mpaka kiganja kikauma. Kilikuwa kinamenyeka magamba tu na kuacha vidole na utelezi. Kumbe ni parafini, ile inayotokana na mafuta ghafi, imetiwa rangi ya njano. Niliumia, jamani, maana nilikuwa nimeitengenezea mafuta ya midomo ya mwanangu. Mshumaa wa parafini hata mimi ninao ndani. Lakini niuzie kwa jina lake na kwa bei yake!

Jina lenyewe, nta au waksi, ndilo linatuchanganya. Waksi ya gari, waksi ya saluni, waksi ya nywele, kila mtu ana yake. Ile kanauba wanayosifia watu wa magari inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi huko Brazili, nyuki hajaigusa. Halafu akina mama mnaniuliza kuhusu kitenge cha waksi. Hicho kilianza kwa kuiga batiki za Java, nta inazuia rangi isiingie pale penye mchoro. Vlisco, kampuni ya vitenge ya Uholanzi, wako kazini tangu 1846, na siku hizi viwandani wanatumia zaidi utomvu, ila jina limebaki. Na wewe uliyeuliza nta ya masikio: acha kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani zaidi. Sikio hujisafisha lenyewe. Likiziba, nenda kituo cha afya.

Nirudi kwa hii yangu. Mkiona unga mweupe juu yake, msitupe, wala si kuvu. Nta ya nyuki hutoa unga huo ikikaa. Pangusa kwa kitambaa, au ipashe joto kidogo, unapotea. Ukitaka kuiyeyusha, weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Usiweke moja kwa moja motoni, nta inashika moto, nakuomba sana.

Shilingi 300 ni ghali? Nyuki kibarua anaitoa kwenye tezi nane chini ya tumbo lake, vigamba vidogo vidogo, halafu anaitafuna ndipo ajengee sega. Mimi bei hiyo naikubali.

Kabla sijasahau, kuanzia wiki ijayo video zitatoka Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo bonyeza kengele. Ijumaa nataka kuijaribu kwenye meza yangu ya mbao.

Na hiki kipande nilichofinyanga nampelekea fundi wangu wa viatu pale Kondele. Anaupitisha uzi juu ya nta mara tatu kabla ya kushona, ili ukaze na maji yasiuozeshe. Uzi ninao hapa. Sikilizeni unavyolia nikiuvuta... mmesikia?