Nyota wa zamani wa NBA akienda kufundisha chuo: aanzie juu kama kocha mkuu au awe msaidizi kwanza?

Chuo cha Marekani kikitafuta kocha wa mpira wa kikapu, mjadala huu hauepukiki.

Kwenye kusajili vijana, jina kubwa linashinda. Penny Hardaway, nyota wa zamani wa NBA, alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Memphis mwaka 2018 akitoka kufundisha sekondari mjini humo, akamnasa James Wiseman, kijana aliyewaniwa nchi nzima. Lakini hapo hapo ndipo nyota hukwama: kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mwaka 2017 Hardaway aliipa familia ya Wiseman dola 11,500 za kuhamia Memphis. Kwa kuwa mwaka 2008 alikichangia chuo dola milioni 1, alihesabiwa mfadhili wa chuo, ambaye kanuni zilimkataza kuwapa wachezaji fedha, na Wiseman akafungiwa mechi 12. Michango ya aina hii ichunguzwe kabla ya kusaini mkataba.

Kwenye mbinu, aliyekuwa msaidizi chuoni ana faida: ameshazoea vipindi viwili vya dakika 20 na sekunde 30 za kushambulia, si 24 za NBA. Kevin Ollie, mchezaji wa zamani wa NBA, alikuwa msaidizi UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kwa miaka miwili, akapewa timu 2012, akatwaa ubingwa wa taifa 2014. Hata hivyo alifutwa kazi 2018 katikati ya uchunguzi wa NCAA, uzoefu haukumkinga.

Fred Hoiberg, naye mchezaji wa zamani wa NBA, alianza kama kocha mkuu wa chuo cha Iowa State mwaka 2010 bila kuwahi kufundisha, akaingia mashindano ya NCAA mara nne mfululizo, akitegemea sana wachezaji waliohama vyuo vingine.

Chuo chenye wasaidizi wazoefu na wakaguzi makini wa kanuni kinaweza kumchukua nyota. Kisicho nao kimtafute aliyepitia usaidizi.