Kipoza hewa cha maji kwa chumba cha seva: kabla hujalipa, uliza chumvi ya maji itatolewaje

Februari mwaka jana, saa nane mchana, askari wa zamu alinipigia simu: "Mama, kile chumba chenu kinalia." Nilipofika kwenye chumba cha seva, yaani kompyuta kuu za ofisi, kipimo ukutani kilisoma nyuzi 36. Kipoza hewa cha maji tulichokuwa tumekinunua Oktoba kwa shilingi 148,000 kilikuwa kinafanya kazi: feni inavuma, taa ya kijani inawaka, ila hewa inayotoka ni ya moto. Fundi alifungua ubavu wake tukakuta pedi, zile karatasi nene zinazoloweshwa ili hewa ipite na kupoa, zimegeuka jiwe. Ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaoota ndani ya birika, ulikuwa umeziba kila tundu. Aligusa kwa bisibisi, kipande kizima kikameguka.

Muuzaji hakuja hata kuangalia. Jibu lake lilikuwa fupi: maji yenu ni mabaya, kwa hiyo garantii haihusiki, pedi mpya ni 38,000. Siku aliyoniuzia aliniambia, "Madam, hii huwa unajaza maji tu, basi." Hakuuliza maji yangu yanatoka wapi. Tangu hapo wasomaji kadhaa wenye vyumba vya seva vya shule, vya hospitali ndogo na vya sacco kama yetu wameniandikia kisa kilekile, na karibu wote walinunua baada ya kuchoshwa na bili ya stima ya kiyoyozi.

Wazo lenyewe ni zuri, na kwa Nairobi ni zuri kuliko miji mingi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hata Februari na Machi joto la mchana halipandi sana kupita nyuzi 28, na saa hizo hewa huwa kavu. Pedi iliyolowa vizuri huishusha hewa hiyo hadi 19 au 20. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya joto na baridi chenye makao Marekani, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa hiyo feni, pampu ndogo na maji vinatutosha sehemu kubwa ya mwaka, na Julai hata maji hayahitajiki; feni na chujio la vumbi pekee vinatosha. Kiyoyozi hula stima kwa sababu ya kompresa, ile mashine ya kubana gesi, na hapa kompresa haipo. Ndugu zetu wa Mombasa wasiige, hewa yao tayari imeshiba unyevu.

Sitapoteza muda juu ya ukubwa wa feni, kelele na rimoti. Hayo yako kwenye kila katalogi. Angalia jambo moja tu: katalogi nyingi zimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, maana yake hubeba joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwambie muuzaji apige hesabu upya kwa Nairobi. Akishangaa, nenda kwa mwingine.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa.

Maji yakigeuka mvuke, chumvi iliyomo haiendi popote. Inabaki kwenye tangi la mashine na juu ya pedi. Boya, lile linaloelea tangini na kufungulia maji yakipungua, linaingiza maji mengine yenye chumvi nyingine, nayo yanavukizwa, na hivyo hivyo kutwa nzima. Lita 1 ya maji ikivukizwa hubeba joto la karibu kilowati-saa 0.68, kwa hiyo chumba chenye kilowati 10 za joto, pale maji yanapobeba kazi yote, hunywa takriban lita 15 kwa saa. Jengo letu hutumia maji ya kisima cha mashine. Nilinunua kipimo kidogo cha chumvi, kile kinachofanana na kalamu, kikasoma karibu miligramu 500 kwa lita. Piga hesabu: gramu 7.5 kila saa. Ukiendesha saa 8 za mchana ni gramu 60 kwa siku, karibu kilo 2 kwa mwezi. Kuanzia Oktoba hadi Februari nilikuwa ninapaka kilo za chumvi kwenye pedi za karatasi, huku nikijisifu kwamba bili ya stima imeshuka.

Maji ya bomba ya jiji, yanayotoka upande wa Aberdare kupitia mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, ni laini zaidi. Lakini nani Nairobi ana maji ya bomba siku saba kwa wiki? Siku ya mgao unafungulia kisima au unaita lori la maji, na lori halikuambii limejaza wapi. Nunua mashine ukihesabu maji mabaya kabisa utakayowahi kupata.

Dawa ni kumwaga. Sehemu ya maji ya tangini lazima itoke kabla hayajawa mazito. Kwa kipimo cha kawaida, kwa kila lita 2 zinazovukizwa, lita 1 inamwagwa, na hapo chumvi ya tangini hubaki mara 3 ya ile inayoingia. Kuna namna tatu za kulifanya hili. Ya kwanza ni kibomba chembamba kinachovuja daima. Ni rahisi, ila hupoteza maji hata yakiwa safi, na chenyewe huziba kwa ukoko uleule. Ya pili ni valvu ya saa, inayofunguka kila baada ya muda fulani. Ni afadhali, lakini haijui kama leo umeingiza maji ya bomba au ya kisima. Ya tatu ni kihisi kinachopima chumvi ndani ya tangi na kumwaga pale tu inapozidi. Kwa mji wenye maji yanayobadilika kila wiki, mimi sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa Breezair, ya kampuni ya Seeley International kutoka Australia, na siombi radhi kwa upendeleo huo. Mfumo wake wa maji hupima chumvi na kumwaga kulingana na kipimo, na sanduku lake ni la plastiki ngumu, halishiki kutu. Inakaa juu ya paa au ukutani nje, inavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani. Masharti ni mawili: lazima kuwe na tundu kubwa la kutolea hewa ya moto nyuma ya raki, yaani kabati la seva, na lazima kuwe na kihisi cha unyevu kitakachozima pampu siku za mvua ndefu za Aprili, maana siku hizo pedi huongeza unyevu bila kupunguza joto la maana.

Kampuni hiyohiyo hutengeneza Climate Wizard. Hii ndiyo ningeichukua kwa kituo cha data halisi kama vile vya upande wa Mombasa Road. Ndani yake kuna njia mbili zisizochanganyika, moja yenye maji na moja kavu. Hewa ya seva hupita njia kavu, hivyo inapoa bila kuokota unyevu wowote. Ni ghali zaidi, na kwa raki mbili tatu sidhani bodi yako itakuelewa. Kwa raki kumi na zaidi, wapelekee hesabu ya stima ya miaka mitano waione wenyewe.

Nafasi ya tatu ni Munters ya Uswidi, au tuseme pedi zao za CELdek zilizofungwa na fundi wa hapa kwenye fremu ya chuma kisichoshika kutu. Hizi ni karatasi za mawimbi zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na wakulima wa maua na wafugaji wa kuku wa nchi nyingi huzitumia kupoza mabanda. Pedi ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba mfumo wa kumwaga unabaki mikononi mwa fundi, kwa hiyo mlipe aweke valvu na kihisi, uandike hilo kwenye mkataba, na usimalizie malipo mpaka umeona maji yakitoka kwenye bomba la taka kwa macho yako.

Vile vya magurudumu vya elfu kumi na kitu hadi thelathini, vya kuweka barafu? Ni vya sebuleni, dirisha likiwa wazi. Ukikifungia kwenye chumba cha seva kinajaza unyevu na kuongeza joto la mota yake. Viache.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyouziwa. Karatasi ya bei huandika "maji yanayotumika: lita 15 kwa saa", kumbe hayo ni yale yanayovukizwa tu, ya kumwagwa hayamo. Ukiuliza, unaambiwa valvu ya kumwaga ni "ziada", kana kwamba ni rangi ya mlango. Bei inaletwa kwa dola na kubadilishwa kwa kiwango ambacho hakuna benki itakupa. Pedi, ambazo ndizo zitakazokufa, hazina bei kwenye karatasi hiyo kabisa. Kabla ya kununua tena niliwaandikia wauzaji watano swali moja: mashine yenu inamwaga maji ikifika chumvi kiasi gani? Watatu walinitumia picha za bidhaa. Mmoja alinipigia kunishawishi ninunue mashine ya kusafisha maji kwa shilingi 210,000. Mmoja tu alijibu kwa namba, na ndiye aliyetufungia ya sasa.

Imekaa miezi saba. Kila Jumatatu nafungua ubavu na tochi, napitisha kidole kwenye pedi. Bado ni laini. Tangi linajimwaga lote likizimwa, na nawe lidai hilo, kwa sababu maji yaliyotuama hukuza bakteria wa lejionela, nao huingia mapafuni kupitia matone madogo. Maji yanayomwagwa, kama lita 60 siku ya joto kali, tunayaelekeza kwenye tangi la choo cha ghorofa ya chini. Mara ya kwanza mlinzi aliyachukua kumwagilia maua ya langoni, yakakauka ndani ya wiki tatu.