Waranti ya Ziada ya Mashine ya Boti: Kabla ya Kulipa, Angalia Kisanduku cha "Matumizi"

Mashine yangu ilizima baharini ikiwa na miezi 14. Stroki nne, nguvu farasi 60, ya kubebea abiria. Sikushtuka sana, maana siku ya kununua nililipia waranti ya ziada na risiti nilikuwa nimeitunza vizuri. Fundi wa wakala akachomeka kompyuta yake, akathibitisha kwamba kilichokufa ni kompyuta ya mashine yenyewe. Si maji yaliyoingia, si uzembe wa nahodha, ni kifaa cha kiwandani kilichokufa chenyewe. Nikapumua. Halafu akageuza skrini nione: saa 1,870 za kazi. Pembeni akaweka fomu yangu ya usajili, penye swali la matumizi, na alama ya vema iliyokuwa kwenye kisanduku cha "burudani".

"Mama, mashine ya burudani haifanyi saa hizi kwa miezi 14."

Ile vema sikuiweka mimi. Aliiweka muuzaji, kwa kalamu yake ya bluu, wakati mimi nahesabu pesa. Mimi nilitia sahihi tu chini. Dai likakataliwa siku hiyohiyo, na pesa ya waranti haikurudi.

Kwa hiyo sitaanza na idadi ya miaka. Miaka iko kwenye bango, kila mtu anaiona. Anza na neno moja: biashara. Karibu kila mtengenezaji hutoa waranti mbili kwa mashine ileile. Anayekwenda kuvua kwa starehe Jumapili hupewa miaka, kwa mfano 3 au 5. Anayeitumia kujipatia riziki mara nyingi hupewa mwaka 1, na baadhi ya waranti za ziada hazimpokei kabisa. Na biashara si feri peke yake. Uvuvi wa kuuza samaki ni biashara. Kuvusha watu kwa nauli, kupeleka wageni kupiga mbizi, kumkodisha shemeji boti siku mbili kwa wiki: yote hayo ni biashara.

Usidhani utaficha. Mashine za kisasa za sindano, yaani zinazopuliziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta badala ya kabureta, huhifadhi saa zilizofanya kazi, hadi muda uliotumika katika kila mwendo, na historia ya hitilafu. Boti inayofanya kazi saa 6 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, imefikisha saa 150 mwezi mmoja. Ukikuta mkataba wenye kikomo cha saa 500, ujue waranti yako itaisha mwezi wa nne, hata kama juu imeandikwa miaka mitatu. Hesabu hiyohiyo inagusa sevisi. Sevisi ya kwanza kwa kawaida ni baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Kwa mtu wa burudani saa 20 ni miezi kadhaa. Kwako wewe ni siku ya nne! Na saa 100 zinakuja kabla wiki tatu hazijaisha. Kila sevisi inataka tarehe, saa na muhuri kwenye kitabu, la sivyo wana sababu nyingine ya kukukatalia.

Sasa tupange.

Nafasi ya kwanza naipa waranti ya ziada ya mtengenezaji mwenyewe, kwa mashine ya sindano ya nguvu farasi 40 kwenda juu, ikiwa tu neno "biashara" limeandikwa kwenye cheti chako pamoja na namba ya mashine. Ilinganishe hiyo namba na ile iliyo kwenye kibati cha bano linaloshika boti, tarakimu kwa tarakimu. Sababu ya kuiweka juu ni kwamba vitu vinavyokufa ghafla kwenye mashine hizi ni vya bei mbaya: kompyuta, pampu ya mafuta ya presha, sensa. Tena mtengenezaji hubaki na wajibu hata mambo yakibadilika. Kampuni ya BRP ilipoacha kutengeneza mashine za boti za Evinrude mwaka 2020, ilitangaza kwamba itaendelea kuheshimu waranti na kutoa spea.

Nafasi ya pili, ambayo kwa wavuvi wengi ningeiita ya kwanza, ni kutonunua waranti yoyote ya ziada na badala yake kununua mashine isiyoihitaji. Hapa nasema wazi, mimi ni mtu wa Yamaha, na hasa Enduro ya stroki mbili. Ina kabureta, haina kompyuta ya kufa, na fundi yeyote aliyekulia ufukweni anaifungua akiwa na spana chache na kuifunga kabla maji hayajajaa. Inakunywa mafuta, ndiyo, na oili inachanganywa humo humo. Haiuzwi mpya Marekani wala katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya sheria za moshi. Lakini pale inapouzwa, pesa ya waranti inunulie impela mbili (feni za pampu ya maji ya kupooza mashine), seti ya plagi, vifaa vya kabureta na rafadha ya akiba. Hivyo vitu waranti haivifidii hata siku moja, na ndivyo vinavyoharibika. Kutu nayo haifidiwi, wala kuchemka kwa sababu njia za maji zimeziba chumvi, wala mashine iliyozama. Mashine ikiacha kukojoa, yaani kutoa ule mchirizi wa maji ya kupoozea, na nahodha asiizime, hilo ni lako peke yako.

Nafasi ya tatu ni mikataba ya kampuni za kati, zisizo mtengenezaji. Nimesoma kadhaa baada ya mkasa wangu. Ninachotaka kujua kwao ni kitu kimoja: nikiharibikiwa, naruhusiwa kwenda kwa wakala gani, na nani anamlipa? Kama unalipa mwenyewe kwanza halafu unasubiri kurejeshewa, boti imelala na abiria wamehama.

Waranti za dukani za bei chee, zile za karatasi moja yenye muhuri wa muuzaji, ziache.

Jambo linaloniuma zaidi ni haraka. Wauzaji hukuletea waranti ya ziada dakika ya mwisho, pesa ziko mezani, vijana wameshabeba mashine mabegani, na wanakwambia ofa ni ya leo tu. Mara nyingi si kweli. Waranti ya ziada ya watengenezaji wakubwa kwa kawaida unaweza kuinunua wakati wowote waranti ya mwanzo ikiwa bado hai. Chukua masharti, nenda nayo nyumbani, soma penye maandishi madogo. Na uliza kama miaka ya ziada inahesabiwa tangu siku ya kununua au tangu ya mwanzo ilipoisha, maana "miaka 5" inaweza kuwa ni ileile 3 uliyopewa bure ukaongezewa 2 tu. Muuzaji anayekasirika ukiuliza hivyo, mwache na mashine yake.

Mashine niliyonayo sasa ni Enduro ya 40. Fomu niliomba nijaze mwenyewe. Nikaandika "biashara, abiria" kwa herufi kubwa, muuzaji akaniambia nimejipunguzia waranti, nikamjibu najua. Nikaipiga picha kabla hajaichukua. Picha iko kwenye simu yangu na nyingine nimemtumia nahodha.